Kumngoja Leokadia

Nimestaafu. Vyeti vyangu vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na mume wangu ameanza kuniuliza kila asubuhi nina mpango gani leo, swali ambalo hakuwahi kuniuliza katika miaka yote ya ndoa yetu. Walimu vijana niliowaacha shuleni waliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi. Vyeo sitavigusa. Mshahara siutaji kabisa, maana nikianzia huko nitaandika kwa hasira na mtaacha kusoma. Nitaandika juu ya darasa moja la saba na binti mmoja aliyekuwa ndani yake, kwa sababu ni kwao nilikojifunza kufundisha.

Mimi ni Mnyasa wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Kwetu ufukweni mtoto hujifunza kwa kujitosa. Anapewa kasia, anasukumwa majini na kaka zake, akipinduka wanamcheka, akirudi na samaki wanampisha akae karibu na moto. Kila mtoto anataka ajulikane kwamba ndiye aliyefika wa kwanza. Nilikua hivyo, nikasoma hivyo, na chuo cha ualimu kikanithibitishia kwamba ndivyo watoto walivyo duniani kote: uliza swali, waambie wanyooshe vidole, mteue mmoja, msifu mbele ya wenzake. Basi nilipopangiwa shule moja ya mlimani, Umatengo, upande wa Mbuji, nilipanda kule nikiwa na sweta moja na imani kubwa kwamba vidole vitanyooshwa.

Siku ya kwanza darasa zima lilisimama likasema, “Tumsifu Yesu Kristo.” Mimi Mwanglikana wa ufukweni, nisiyezoea salamu ya Wakatoliki, kwa kubabaika, nikajibu, “Hamjambo.” Walistahi, hawakucheka mpaka nilipogeukia ubao. Ubao wenyewe ulikuwa umepakwa makaa ya betri chakavu yaliyopondwa pamoja na majani, na weusi wake ulinihamia mkononi kila nilipoufuta. Niliuliza swali jepesi kabisa, makao makuu ya mkoa wetu ni wapi. Kimya. Walitazamana. Niliona kabisa kwenye macho yao kwamba wanajua, lakini hakuna kidole kilichopanda. Nikawauliza tena kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lao lilikuwa masikio, na bado hakuna aliyejitokeza.

Mchana nilimlalamikia Mwalimu Kasiani. Huyu alikuwa Mmatengo wa hapo hapo, mwalimu wa hisabati aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache ambaye alivaa koti lile lile masika na kiangazi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, “Ninyi watu wa ziwani mnataka samaki arukie mwenyewe mtumbwini.” Akarudi kusahihisha madaftari yake, na mimi nikabaki nimesimama na chaki mkononi.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika ulikuwa unayumba, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda mlima na magari yao, na neno “kuchangia” lilikuwa limehamia shuleni moja kwa moja. Mzazi alichangia dawati, akachangia bati, akachangia mlinzi. Sasa mtu akishachangia anataka kuona. Zamani mzazi alimleta mtoto akasema, “Haya, ni wa kwenu.” Miaka ile alianza kuja kuuliza shule imeshika nafasi ya ngapi katika tarafa. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwema tu, alianza kuota mvi kwa swali hilo.

Nilipopewa darasa la saba, Leokadia alikuwa anakaa dawati la pili upande wa dirisha. Alikuwa mrefu, mpole, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Alilelewa na bibi yake, Bibi Hyasinta, mjane mwenye mikahawa na shamba la mahindi kwenye mteremko wa juu ya shule. Msimu wa kahawa uliotangulia bibi alikuwa ameumwa mgongo, na Leokadia ndiye aliyechuma karibu shamba zima. Aliporudi darasani, sehemu, asilimia na maeneo vyote vilikuwa vimempita. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa nyuma, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni huona vigumu kutofautisha mambo hayo mawili.

Mwishoni mwa mvua ulifanyika mtihani wa majaribio wa kata, karatasi zikasahihishwa na walimu wa shule nyingine. Zilirudi zikiwa mikononi mwa mratibu wa elimu, mgeni wa wilaya yetu, mtu wa haki na wa haraka. Alizitandaza mezani kwa mwalimu mkuu. Darasa langu lilikuwa limefaulu vizuri, tena vizuri mno. Tatizo lilikuwa swali la eneo la pembetatu. Hawakugawa kwa mbili. Darasa zima, kuanzia Festo aliyekuwa wa kwanza mpaka Leokadia, walikosea namna moja na kupata jibu lile lile.

“Mwalimu,” mratibu aliniambia, “kupata pamoja naweza kuamini. Kukosa pamoja siwezi.”

Aliamua wafanye mtihani mwingine baada ya wiki chache, uwanjani, madawati yakiwa mbali mbali, na yeye mwenyewe akiwa msimamizi. Alipoondoka, mwalimu mkuu alifunga mlango akaniambia la moyoni mwake. Aliona kwamba wote walilinganisha majibu kwa ajili ya mtoto mmoja, yule aliyekuwa nyuma. “Leokadia arudishwe la sita,” alisema. “Tukimtoa huyo, wengine watatulia.”

Habari zilifika shambani kabla yangu. Kesho yake Bibi Hyasinta alikuja mpaka mlangoni pa darasa, ameshika kiuno.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnamrudisha mjukuu wangu.”

Nilimwambia bado tunazungumza.

“Sijaja kugombana,” alisema. “Nimekuja kukwambia tu ujue. Huu mwaka nimejikaza. Mwingine siuwezi. Mkimrudisha, basi atabaki nyumbani tulime.”

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na ndiyo maana niliamini kila neno. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba amwache Leokadia afanye mtihani ule wa uwanjani pamoja na wenzake. Akifaulu peke yake, abaki la saba. Alifikiri kidogo akakubali. “Ila akishindwa sitaki maneno,” aliniambia, nami nikaahidi kwamba hayatakuwapo.

Nilirudi darasani nikakunja uso. Nikauliza nani alimpa Leokadia majibu. Darasa zima lilisimama. Hata Leokadia mwenyewe alisimama, sijui kwa kuzoea au kwa heshima. Nikawauliza kwa nini. Festo akasema, “Tulikuwa tumemaliza, mwalimu.” Aliishia hapo. Wenzake waliitikia kwa vichwa, wakinitazama kwa huruma kidogo, kama watu waliokwisha eleza kila kitu.

Nilimpelekea Kasiani jibu hilo nikitaka tushangae wote wawili. Hakushangaa.

“Si amekujibu?” alisema.

“Amejibu nini sasa?”

“Jumamosi chukua jembe uende kwa Hyasinta. Wana ngokela, wanalima ngoro. Wewe nenda ulime, usiende kutazama.”

Ngoro ni mashimo ya kilimo ya Wamatengo. Nyasi zilizofyekwa hupangwa miraba mteremko mzima, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunikwa juu ya nyasi, hivyo kila mraba hubaki na shimo katikati na matuta pande zote. Mvua ikinyesha maji hukaa shimoni badala ya kushuka na udongo. Ngokela ndiyo kazi ya kusaidiana: leo wote kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye shamba anapika. Wanawake walijipanga chini ya mteremko, kila mmoja akakabidhiwa mstari wake, tukaanza kulima kuelekea juu. Mimi nimelima mihogo ya mchangani maisha yangu yote, ardhi isiyo na ubishi. Kabla jua halijakaa sawa mikono ilikuwa imenitoka malengelenge, na migongo ya wenzangu ilikuwa juu huko, ikizidi kuwa midogo.

Nilisubiri mtu aje anisaidie. Hakuja mtu. Kila mmoja alikuwa na mstari wake. Ila walipofika juu, nilitegemea wataweka majembe begani waende kwenye chungu, maana harufu ya maharage ilikuwa imeshatufikia. Hawakubeba. Waliyalaza majembe chini, wakakaa kwenye nyasi wakatazama upande mwingine, wakazungumza habari za kipaimara cha mtoto wa jirani. Mama mmoja tu aliinuka. Hakuja nilipokuwa. Alianza kulima mstari wangu kutoka juu, akishuka kunifuata.

Sasa mimi niliona aibu. Kundi zima limekaa na njaa kwa ajili ya mwalimu. Nikaanza kukimbiza jembe, nikafunika nyasi nusu nusu, matuta yangu yakawa yamelala. Bibi Hyasinta, ambaye mgongo ulimruhusu kupika tu siku hiyo, alishuka polepole akasimama juu yangu.

“Mwalimu, usikimbie. Anayekukimbiza ni nani?”

“Nawachelewesha, Bibi.”

“Hapa huchelewishi mtu. Ukilima hivi unavyolima ndiyo utatuchelewesha, maana kesho kutwa tutarudi kulima tena.”

Nikapunguza mwendo. Baadaye kidogo jembe langu lilikutana na jembe la yule mama katikati ya mteremko. Ndipo wale wa juu walipoinuka, wakaweka majembe begani, tukaenda kula.

Jumatatu niliingia darasani na viganja vilivyofungwa vitambaa, na kwa mara ya kwanza darasa lile liliniuliza swali. Leokadia alitaka kujua kama nilifikisha mstari wangu juu. Nilimwambia tulikutana katikati. Walicheka wote, na kicheko kile kilinipa mahali pa kuanzia.

Niliwaambia kwamba nimeelewa walichofanya, na kwamba kwenye ngokela sikuona mtu anayenyang’anywa jembe lake. Je, kuna aliyewahi kuona? Hakuna. Niliona kwanza kila mtu na mstari wake, halafu msaada. Je, ndivyo? Ndivyo. “Basi,” nikasema, “mlimnyang’anya Leokadia jembe.” Hapo walinyamaza, lakini haukuwa ule ukimya wa siku ya kwanza. Festo aliinamisha kichwa akawa anakwaruza dawati kwa ukucha.

Tangu siku hiyo tulifanya hesabu kama wanavyolima. Kila mtoto na hesabu yake, peke yake. Akimaliza analaza kalamu na kutazama nje. Wengine wakishamaliza, mmoja wao anakwenda kwa aliye nyuma, na haruhusiwi kugusa kalamu ya mwenzake. Anaanzia mwisho. Anaandika chini ya ukurasa mstari wa mwisho wa hesabu, halafu anauliza, “Ili tufike hapa, ulitakiwa uwe umetoka wapi?” Mwenzake anashuka kutoka juu, yeye anapanda kutoka chini, mpaka wanakutana. Kasiani alipopita dirishani akaona pembetatu zinafanywa kinyumenyume, aliingia, akavua koti kwa mara ya kwanza machoni pangu, akachukua chaki. Alifundisha vile mpaka kengele ya rimu ya gari ikagongwa, na hakutania mtu.

Leokadia aliyashika maeneo. Akazishika na asilimia. Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, na hakikuwa hesabu. Kila alipoona wenzake wamelaza kalamu, alianza kukimbia. Aliandika lolote ili mradi asiwe yeye anayengojwa, vile vile nilivyofanya mimi kwenye mteremko. Nilimweleza maneno ya bibi yake. Alisema, “Ndiyo, mwalimu,” na kesho yake akakimbia tena.

Siku ya mtihani madawati yalitapakaa uwanjani, mbali mbali kweli kweli. Kulikuwa na ukungu asubuhi, halafu jua likatoka. Mratibu alitembea katikati yao na saa yake. Bibi Hyasinta alikuwa amekaa ng’ambo ya uwanja, nje kabisa ya mpaka, akichambua maharage kwenye ungo. Hakuna aliyemfukuza.

Festo alimaliza mapema. Alilaza kalamu akatazama mlima. Akafuata mwingine, na mwingine. Mratibu alisema kwamba aliyemaliza alete karatasi aende zake. Hakuna aliyeinuka. Alirudia. Walikuwa wamekaa mikono wamekunja, macho yao yote yakiwa upande wa mteremko, hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Mratibu alinijia.

“Mwalimu, huu ni mgomo?”

“Muda umekwisha, ndugu mratibu?”

“Bado.”

“Kuna anayeangalia karatasi ya mwingine?”

Aliwatazama tena. “Hapana,” alisema. “Lakini wanafanya nini?”

“Wanamngoja mwenzao.”

Wakati huo huo Leokadia aliinua kichwa, akaona kalamu zote zimelala. Nilimwona akibadilika uso. Akaandika mbio mbio, akageuza karatasi, na akasimama ili airudishe. Nilijua hajamaliza, maana nilikuwa nikihesabu kurasa zake kwa macho, na hilo hakuna aliyenikataza. Nilitaka kumwambia akae, lakini sikuruhusiwa. Mratibu alikuwa pembeni yangu. Leokadia akiwa amesimama hivyo, aliwatazama wenzake. Hakuna aliyeinuka naye. Hakuna aliyegeuka. Festo alizidi kukaa vizuri kwenye dawati lake, kama mtu anayejiandaa kukaa mpaka jioni.

Leokadia alikaa tena. Alifuta alichoandika. Akaanza upya, polepole.

Nililia, tena mbele ya mratibu, na wala sikusingizia vumbi. Yeye alijifanya anaangalia saa. Alipokaribia kutangaza mwisho, Leokadia alilaza kalamu yake, na darasa zima likainuka kwa pamoja na kupeleka karatasi. Ng’ambo ya uwanja Bibi Hyasinta aliinuka na ungo wake akaenda nyumbani.

Alifaulu. Hakuwa wa juu, lakini alifaulu kwa mkono wake, na mwalimu mkuu hakutaja la sita tena. Kilichonifurahisha kuliko alama ni makosa. Kila mtoto alikuwa na la kwake. Festo alisahau nukta, mwingine alijumlisha pa kutoa, Leokadia alikosea swali la asilimia kwa namna ambayo hakuna mtu mwingine darasani angeweza kuibuni. Mratibu alizipitia karatasi zile zote palepale, akaniambia, “Sasa naamini,” akaomba nimweleze tena ile habari ya kuanzia mwisho.

Sitawadanganya kwamba Leokadia alikwenda sekondari. Miaka ile nafasi zilikuwa chache na alichaguliwa Festo peke yake. Lakini alimaliza la saba na cheti chake, akiwa ameketi kwenye dawati lake mwenyewe. Wanawe wamesoma sekondari ya kata, na mmoja sasa anafundisha huko Ukata. Huyo ni miongoni mwa ninyi mtakaosoma haya, na ninamwomba asione haya nikimtajia mama yake.

Baadaye nilihamishiwa ufukweni, kwetu kabisa, nikaenda na ngokela yangu kichwani. Watoto wa kwetu nusura waniue. Aliyemaliza hakukubali kungoja hata kidogo. Alitoka nje kutangaza. Ilinichukua muda kukumbuka jambo nililoliona tangu nikiwa mdogo: mtumbwi ukiingia kutoka majini, waliokwisha fika ndio wanaouvuta nchi kavu. Nikawaacha washindane watakavyo, ila wa kwanza ndiye anayemvuta wa mwisho. Walipenda sana, kwa sababu kuvuta nako ni kujionyesha. Kwa hiyo msiniombe njia moja ya kufundisha, sinayo. Mkifika shule mpya, kabla hamjapima watoto wanajua nini, tazameni wakubwa wao wanafundishanaje kazi. Tena msitazame mkiwa mmesimama.

Niliporudi mlimani kustaafu, maana mume wangu ni fundi seremala wa huku huku na shamba tunalo, wanawake wa jirani waliniingiza kwenye zamu. Kundi lao analiongoza Leokadia. Ana mvi chache na miwani ya kusomea anayoitundika shingoni hata akiwa shambani. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya kwangu. Nilipewa mstari kama wengine. Umri umeongezeka na mikono yangu bado ni ya ziwani, kwa hiyo walifika juu mimi nikiwa sijafika nusu. Maharage yalikuwa tayari. Niliyapika mwenyewe, ninajua yalivyonukia. Nikaanza kukimbiza jembe.

Nikasikia jembe lingine likigonga juu yangu, likishuka taratibu. Sikuhitaji kuinua kichwa nijue ni la nani.

“Mwalimu,” alisema, “anayekukimbiza ni nani?”

Nilipumua, nikarudia tuta nililoliharibu. Kule juu walikuwa wamekaa wakitazama upande mwingine, na majembe yao yalikuwa bado yamelala chini.